Nililalamika kwa majina matatu, sasa muuguzi asiye na kosa anafukuzwa kazi

Mshauri mpendwa,

Kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi marahaba, najua ulikuwa njiani kuniamkia. Naomba unishike mkono maana nimejitumbukiza mwenyewe na kutoka siwezi. Shule niliiacha darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirishani, kwa hiyo ukikuta sentensi zangu hazina nukta ujue sikuzisahau, sikupewa nyingi.

Mimi ni dobi wa hospitali. Mwaka huu ni wa ishirini na sita nafua mashuka, mapazia, magauni ya upasuaji na vitu vingine ambavyo sitavitaja, huenda unakunywa chai. Chumba chetu kiko nyuma kabisa, baada ya jiko na kabla ya chumba cha maiti, kwa hiyo kila mgonjwa kwa njia moja au nyingine hupita kwangu. Tuna mashine mbili kubwa, toroli tatu ambazo moja hulia kama mbuzi, na boila ya kuchemshia maji, na hiyo boila ndiyo mwanzo wa balaa lote.

Boila ilikufa wiki kumi na moja zilizopita, ikakohoa mara mbili ikanyamaza, nikaenda kwa bwana utawala, ambaye sisi wa huku nyuma tunamwita Bwana Subiri kwa sababu nadhani hilo ndilo neno alilosomea, akasema subiri, spea iko njiani, nikamwambia bwana, mashuka ya wodi ya wazazi yana damu, hayafuliwi kwa maji baridi, akasema ongeza sabuni, nikasema sabuni haiui vijidudu, inavipa harufu nzuri tu, akacheka, nami nikacheka, nikarudi kufua kwa maji baridi. Mpaka leo ninavyokuandikia spea iko njiani, nadhani inakuja kwa magoti, na panya amezalia ndani ya boila.

Sasa simu. Mke wa mwanangu ndiye aliyenifundisha kuandika kwenye simu, alikuwa na subira ya mwalimu, nikibonyeza vibaya ananiambia baba polepole, herufi haikimbii. Basi kuna ukurasa mmoja mtandaoni watu hulalamikia humo bila kutaja majina, mwingine analia na mwenye nyumba, mwingine na walimu wa mtoto wake, nami Jumapili moja nikiwa nyumbani nikajiita Mama wa Wawili, nikaandika kwamba nililazwa wodi ya wazazi ya hospitali yetu na shuka nililopewa lilikuwa na doa la mwenzangu. Ukinicheka sawa, ndevu zangu nyeupe zinafika kifuani na nimejifungua mtandaoni. Hakuna aliyejali, watu watano wakaweka alama ya kusikitika wakaenda zao. Jumapili ya pili nikajiita Mume Mwenye Uchungu, huyu nikamtia chumvi kidogo, nikaandika kwamba wanawake wanne wamekufa kwa homa baada ya kujifungua pale. Hapo watu wakaanza kufoka. Jumapili ya tatu nikaona bado kuna pengo, anahitajika mtu wa ndani, nikajiita Muuguzi Aliyechoka. Na ili muuguzi wangu awe muuguzi kweli nikamwazimia tabia ya mtu ninayemjua. Nikaandika, mimi mashuka nayahesabu mara tatu kabla ya kusaini, na mara zote tatu yananuka.

Mshauri, hospitali nzima anayehesabu mashuka mara tatu ni mmoja. Ni sista mkuu wa wodi ya wazazi, tunamwita Sista Mkasi kwa sababu hasemi maneno, anayakata vipande. Sikufikiri. Niliona tu sentensi imependeza.

Wiki hiyo hiyo akaja binti mmoja mlangoni kwangu, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kama umeleta nguo, hapa tunafua za wagonjwa tu. Kaugue kwanza."

"Mimi ni mwandishi wa habari, babu."

"Pole sana."

Akacheka, akakaa juu ya gunia la mashuka bila kuuliza limetoka wodi gani, nikampa chai. Akasema, "Kuna watu watatu wamelalamika mtandaoni kuhusu mashuka ya hapa."

"Watatu ndio wengi? Mke wangu peke yake hulalamika kwa niaba ya saba."

"Angekuwa mmoja ningepita zangu. Mtu asiye na jina si shahidi, babu, siwezi kuchapa maneno yake. Ila hawa watatu hawajuani, na kila mmoja ananyoosha kidole kwenye chumba hiki. Kwa hiyo nimekuja kuona kidole kinaonyesha nini." Halafu akanitazama. "Maji yenu yanachemka?"

Mshauri, nilikuwa na nafasi hapo kama mlango ulio wazi. Boila iko mgongoni kwangu, baridi. Nikamwambia, "Mwanangu, ukitumbukiza yai unalitoa limeiva."

Akaandika. Akaniuliza jina, nikamwambia andika dobi, inatosha. Alipoondoka nilijiona mjanja, nikasema kimoyomoyo, huyu anatafuta watu watatu na chai amenywa nao wote.

Kumbe yeye, kama kazi yao inavyotaka, akawaandikia wakubwa wa hospitali maswali, na ndani ya maswali akanakili maneno ya wale watatu kama yalivyo ili wayajibu. Wakubwa wakasoma "nayahesabu mara tatu", hawakuhitaji mpelelezi. Siku ya pili Sista Mkasi akapewa barua ya kusimamishwa, ati ametoa siri za hospitali na kuichafua. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi baada ya gazeti lenu la Jumapili kutoka, nimehesabu. Ana miaka kumi na tisa kazini, na nyumba anayokaa ni ya hospitali, kazi ikienda nyumba nayo inaenda.

Juzi alikuja kuchukua gauni lake alilokuwa ameleta kufuliwa. Nimemzoea akiingia na ukali, siku hiyo aliingia kama mgeni.

"Babu, watu wote wananikwepa. Hata niliowafundisha kushika sindano."

"Pole, sista."

"Naapa sikuandika. Niliwaandikia wakubwa barua mbili kuhusu haya mashuka, na jina langu chini. Nani aandike kwa jina lake halafu ajifiche?"

"Watu wabaya, sista."

"Wewe peke yako ndiye unayenitazama usoni."

Sikuwa namtazama usoni, mshauri, nilikuwa natazama kifungo cha gauni, ila nina mtoto wa jicho, haijulikani natazama wapi.

Basi nimepata wazo, nalo ndilo naomba ulipime. Nimefikiri nimzue mtu wa nne. Nimwite Mfagizi Mkweli, aandike pale mtandaoni kwamba yeye anamjua Muuguzi Aliyechoka, na siye huyo sista, ni mwingine aliyeacha kazi zamani. Sista atapona, binti mwandishi ataendelea na habari yake, na mimi nitaendelea kufua. Maana nikisema kwamba wote watatu ni mimi, wakubwa watacheka, watasema ni uzushi wa mzee mmoja aliyechanganyikiwa, na boila haitatengenezwa mpaka nizikwe, na mashuka ya kunizikia sitaki yatoke hapo.

Utaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo kwa kinywa changu. Nimelizunguka hilo tangu nilipoanza barua na karatasi inaisha. Wale wanawake wanne niliowaandika, mimi namjua mmoja. Nilimjua kwa sababu alikuwa anakula mezani kwangu. Ni mke wa mwanangu. Alijifungua salama mtoto wa kike, wiki ya tatu boila ikiwa imekufa, siku ya nne homa ikampanda, siku ya tisa alikuwa mlango wa pili kutoka kwangu, kule ambako ukuta tunachangia. Shuka alilolalia wodini nililifua mimi. Nilijua ni lake kwa sababu asubuhi nilichagua lililo jipya jipya nikampelekea mwenyewe, nikamwambia mkwe wangu, hili ni la wakubwa, akasema asante baba.

Na lile daftari. Pale ukutani kuna daftari la joto linaning'inia kwenye msumari, kila asubuhi dobi anaandika maji yamefika nyuzi ngapi, yasipofika sabini kazi haianzi. Siku ile boila ilipokufa Bwana Subiri aliniambia andika themanini, mzee, usituletee maneno. Nikaandika themanini. Nikaendelea kuandika themanini kila siku, hata zile siku nne za mwanzo wa juma nilipokuwa msibani, niliporudi nikazijaza themanini, hata Jumapili ambapo mlango umefungwa kwa kufuli na hakuna maji wala moto, themanini. Mwandiko ni wangu wote.

Mwanangu hajui. Anaishi kwangu na mtoto, mke wangu ndiye anayemlea. Kila jioni akirudi kazini huniuliza, baba umeshindaje, nami humtungia kichekesho cha kazini, hucheka kidogo, ndiyo siku hizi anacheka hapo tu. Sitaki kumpokonya na hilo.

Nifanyeje? Jina langu usiliandike. Kwa kweli sikukupa.

Mzee wa Mapovu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, marahaba. Kwa ndevu ulizozitaja nadhani nimekuzidi miaka miwili, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza pole. Kumpeleka mkwe wako shuka kwa mkono wako, kwa upendo, halafu yakatokea yaliyotokea, hilo ni zito kwa mtu yeyote. Nimesoma sehemu hiyo mara mbili nikaiweka barua kando. Kama yale maji baridi na lile shuka ndivyo vilivyomuua au la, mimi sijui na wewe hujui. Wenye kujua wapo, na hawawezi kutazama mpaka waambiwe ukweli. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe umezua mama, umezua mume, umezua muuguzi, na sasa unataka kumzua mfagizi. Kijiji kizima umekijaza, na mtu mmoja tu hukumpa nafasi ya kusema: dobi. Ndiye pekee aliyeona boila ikifa. Ndiye pekee aliyeambiwa na bwana utawala aandike uongo. Mtandaoni, ambako hakuna aliyekuona, ulisema ukweli ukauchanganya na chumvi. Binti alipokuja akakaa mbele yako akakuuliza swali moja la maana, ukampa yai.

Huyo binti simlaumu kwa kusoma malalamiko ya watu wasio na majina. Mwenye hofu ya kufukuzwa hana pengine pa kulilia, na mwandishi akiyadharau yote atabaki kuandika hotuba za wakubwa. Alifanya vema kuinuka kitini na kuja kuona. Lakini alihesabu majina akadhani amehesabu watu. Malalamiko matatu, Jumapili tatu mfululizo, chumba kile kile, angejiuliza ni vinywa vingapi. Na kuwapelekea watuhumiwa maneno ya mlalamikaji kama yalivyo ni sawa na kuwapelekea picha yake. Angeuliza tu, boila yenu inafanya kazi? Hayo nitamwambia mwenyewe, hata kama anaandikia gazeti la washindani wetu. Sista amekatwa na mikono miwili, wako na wake.

Mtu wa nne asizaliwe. Nani atamwamini? Na wale wanawake wanne wako, ambao watatu hawapo, ndio shimo ambalo hospitali itaizika habari nzima. Mwandishi atazunguka nyumba kwa nyumba akiwatafuta, hatawapata, na wakubwa watasema, mnaona? Huyo mmoja wa kweli naye atageuka uzushi. Umemtia mkweo kwenye kundi la watu wa kubuni.

Kuna jingine lililonikera kuliko yote. Barua nzima umemlilia sista, umemlilia mwanao, umejililia mwenyewe, na hukuniambia leo ni mama gani amelala juu ya mashuka hayo. Mlifua jana? Mtafua kesho? Basi kesho usiandike themanini. Tia kipimajoto majini, andika kinachosoma, hata kama ni ishirini, utie sahihi. Sheria yenu inasema chini ya sabini kazi haianzi, usiianze. Bwana wenu akisema subiri, mwambie ndiyo, wewe unasubiri, mashine zimezimwa. Najua anaweza kukufukuza siku hiyo hiyo. Unaogopa kufukuzwa, na aliyekwisha kusimamishwa ni mwanamke aliyeandika barua mbili na jina lake chini.

Daftari usilichomoe ukutani, watakuita mwizi. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, simu unaijua, ulifundishwa na mtu mwenye subira. Zile themanini za Jumapili, mlango ukiwa na kufuli, zina nguvu kuliko malalamiko elfu, kwa sababu zimeandikwa na mtu mwenye jina, kwa mwandiko wake, na zinamshtaki yeye kwanza. Ndivyo vitu ambavyo mwandishi wa habari anatafuta akifuata kidole.

Kabla hujazipeleka popote, nenda ofisi ya msaada wa kisheria, hawatozi, ueleze yote, mpaka lile la msibani. Huenda ukashtakiwa. Sikufichi. Lakini mtu aliyejitokeza mwenyewe na aliyetolewa uvunguni hawasimami sawa mbele ya hakimu.

Kisha andika barua moja, fupi, uiandike wewe bila kuazima tabia ya mtu: mimi dobi, jina hili, ndiye niliyeandika malalamiko yale matatu, muuguzi hakuhusika, wanawake wanne ni uongo wangu, ninayemjua ni mmoja, maji ni baridi tangu tarehe fulani, na niliamriwa kuandika themanini na fulani. Nakala moja umpe sista mkononi, na macho yako, mtoto wa jicho au la, yawe usoni kwake. Atakutukana. Atakapomaliza atajua la kuifanyia, yeye na chama chake cha wauguzi. Nyingine mpe binti mwandishi. Na Alhamisi uwe mlangoni kwa kamati kabla hawajaketi, hata kama hujaitwa.

Habari haitakufa kwa sababu umekiri. Ilikuwa imesimama juu ya watu watatu wasiokuwepo. Sasa itasimama juu ya mmoja aliyepo.

Hayo yote ni ya kesho na kuendelea. La leo ni mwanao. Hukuniachia simu wala anwani, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukujibu isipokuwa hapa, mbele ya watu wote. Mji hauna hospitali nyingi ambazo dobi wake amefiwa na mkwe aliyetoka kujifungua. Kabla ya jioni kuna mtu atamwonyesha gazeti hili, akimuuliza, huyu si baba yako?

Ondoka sasa hivi umtafute, popote alipo. Mwambie kuhusu maji, kuhusu shuka, kuhusu daftari, kwa mpangilio huo. Huenda akachukua mtoto na kuondoka. Usimshike mkono, usimlilie ili akuhurumie, na usimwombe msamaha ili ulale vizuri. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuuliza umeshindaje, mjibu ulivyoshinda kweli. Na safari hii, mzee wangu, usimchekeshe.